Jukwaa la michango mtandaoni: nani huhurumiwa, nani hunyimwa

Huduma ninayoitathmini hapa ni jukwaa la mtandaoni ambamo mtu mwenye shida hufungua ukurasa, huweka picha na maelezo yake, hutaja kiasi anachohitaji, kisha husambaza kiungo ili watu wamchangie. Nimelitumia kwa muda mrefu kama mchangiaji, na nimelitumia pia kwa kuwasaidia watu waliotaka kuandikiwa maombi yao. Kwa upande wa ufundi sina lalamiko kubwa: ukurasa hufunguka upesi hata kwenye simu ya kawaida, makato huonyeshwa kabla hujathibitisha malipo, na fedha humfikia mlengwa. Ninalotaka kulipima ni jinsi jukwaa hili linavyoamsha huruma ya watu, na jinsi linavyoizuia bila mtu yeyote kutamka neno la kumkataa mwenzake, kwa sababu hilo ndilo linaloamua nani atapona na nani ataachwa.

Fomu ya maombi imetungwa na watu wanaojua namna hadithi inavyomshika msomaji. Kabla ya kuulizwa lolote kuhusu gharama, mwombaji hutakiwa kuweka picha, naye hushauriwa iwe ya sura moja inayomtazama msomaji, wala si ya kundi. Hushauriwa pia aanze na jina na tukio moja, na takwimu aziache kando. Ushauri huo una msingi. Mwaka 2007 watafiti Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic walichapisha matokeo ya jaribio ambalo washiriki wake, waliokuwa wamelipwa dola 5, waliombwa kuchangia waathirika wa njaa. Walioonyeshwa mtoto mmoja wa kike kutoka Mali walitoa wastani wa dola 2.38, waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14, na waliopewa vyote viwili, mtoto pamoja na takwimu, walitoa dola 1.43 tu. Kwa maneno mengine, ukweli mpana ulipowekwa kando ya sura ya mtoto ulipunguza kile ambacho sura hiyo ingepata peke yake.

Kuna jambo ambalo jukwaa hili limelifanya vizuri kuliko ukumbi wowote wa maigizo. Augustino, askofu na mwanafalsafa wa Kanisa la kale, katika kitabu cha tatu cha Maungamo yake, alilalamika kwamba mtazamaji wa tamthilia haitwi kusaidia bali huitwa kuhuzunika tu, na kwamba humsifu mwigizaji kadiri anavyomliza. Hapa kitufe cha kuchangia kimewekwa mara tu chini ya hadithi, na aliyeguswa ana la kufanya kabla machozi hayajakauka. Ninalipa jukwaa sifa kamili kwa hilo, kwa maana nimeona mtu aliyekosa nauli ya kwenda kwenye matibabu akiipata kabla jua halijatua, kutoka kwa watu ambao hatawaona maishani mwake.

Shida huanza pale shida ya mwombaji inapokuwa na historia. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwisha kuyataja masharti ya huruma katika kitabu chake cha Balagha: tunamhurumia anayepatwa na baya asilostahili, baya ambalo sisi wenyewe au watu wetu tungeweza kupatwa nalo, nalo likiwa linaonekana kuwa karibu. Sharti la kwanza ndilo jukwaa limeligeuza kuwa sheria: ukurasa wake wa ushauri humwagiza mwombaji aeleze kwamba mhitaji hakuwa na kosa lolote. Nilikaa na mgonjwa mmoja wa ini ili tuandike ombi lake, naye akanitajia sentensi ya pili kwa kinywa chake: alikunywa pombe kwa miaka mingi, daktari alimwambia aache, na yeye hakuacha. Dada yake aliyekuwa ameketi kando akaniomba niiondoe. Mgonjwa akamwambia, "Dada, ukiifuta hiyo, atakayechangiwa si mimi." Familia iliamua ifutwe, na pale palipokuwa na sentensi hiyo tukaandika kwamba ugonjwa ulimpata ghafla. Michango iliingia kwa kasi nzuri. Lakini pole zilizoandikwa chini ya ukurasa alikataa kusomewa hadi mwisho, na sikuweza kumlaumu.

Wahenga walisema msiba wa kujitakia hauna kilio. Dada yule alikuwa akiijua vyema hukumu hiyo, na alikuwa akimkinga ndugu yake nayo. Ninachokilaumu ni kwamba jukwaa halitoi njia nyingine yoyote, ilhali fasihi imekuwa na njia hiyo kwa karne nyingi. Wasomaji wa Kiswahili waliosoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Julius Nyerere iliyotoka mwaka 1969, wanamkumbuka Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha. Mtu huyo ametukanwa na kutemewa mate, binti yake ametoroka na mali yake, na anapouliza kama Myahudi hana macho, hana mikono, havuji damu akichomwa, hakuna msomaji anayebaki na moyo mgumu. Kisha mtu huyohuyo anaingia mahakamani na kunoa kisu ili akate ratili moja ya nyama ya mwili wa mdeni wake, naye akiombwa alegeze anakataa. Shakespeare hakuifuta sentensi ya pili. Zaidi ya hapo, alimweka Portia, mwanamke aliyejigeuza mwanasheria mahakamani humo, aihubiri rehema kwa maneno mazuri kupita yote yaliyomo katika tamthilia hiyo, halafu akatuonyesha mahakama ileile ikimnyang'anya Shylock mali yake na kumlazimisha abadili dini, huku Gratiano, mmoja wa marafiki wa mdeni huyo, akimcheka. Tunaachwa na huruma isiyojua pa kutulia, kwa kuwa tumemjua mtu mzima, na makosa yake yamo ndani ya tunachokijua. Ukurasa wa michango hauna uvumilivu huo. Msomaji wake yumo njiani, ana simu mkononi, na doa moja humtosha kupita.

Kasoro nyingine ni ule mstari wa rangi unaojaa kadiri michango inavyoingia. Kwa upasuaji wa mara moja mstari huo unafaa sana, maana mchangiaji huona anasukuma kitu kinachokaribia kukamilika. Kwa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki na kila mara kwa saa kama nne, mstari huo ni mateso. Ukijaa, watu huamini kwamba jambo limekwisha, kumbe wiki ijayo mahitaji ni yaleyale. Jukwaa humtaka aweke taarifa mpya ili ukurasa usisahaulike, na taarifa inayosema kwamba hali ni kama ilivyokuwa haimgusi mtu. Kwa hiyo mgonjwa hujikuta akitafuta jipya la kuhuzunisha, jambo ambalo sidhani kama binadamu yeyote anapaswa kuombwa alifanye akiwa mgonjwa.

Kuhusu wasio na marafiki wengi mtandaoni sina mengi ya kusema: kurasa zao hufunguliwa na hubaki tupu, kwa sababu wageni huanza kuchangia pale wanapoona wengine wametangulia.

Kati ya nyota tano ninalipa jukwaa hili tatu. Ninalipendekeza kwa hitaji la ghafla lenye kiasi kinachojulikana na siku yake ya kukoma. Kwa ugonjwa wa kudumu, afadhali ndugu na wafanyakazi wenzake waunde kundi dogo la kuchanga kila mwezi, nje ya jukwaa, ambamo mgonjwa hatalazimika kusimulia upya. Wenye huduma ningewaomba waruhusu ahadi ya mchango wa kila mwezi, wampe mwombaji uwezo wa kuuficha ule mstari, na waondoe katika ukurasa wa ushauri agizo la kueleza kwamba mhitaji hakuwa na kosa lolote. Nimewaandikia kuhusu hilo la mwisho; walijibu kwa adabu kwamba ushauri huo huongeza michango, na sina shaka kwamba ni kweli.