Uzoefu wangu na mtaalamu wa miti aliyeutibu mti wangu wa mepo, Mbeya

Ninaandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini wenye miti ya mapambo inayodhoofika, kwa sababu huduma niliyoipata ni ya aina ambayo sikujua kwamba ipo huku kwetu: mtu anayekuja nyumbani kuupima mti kwanza, kabla ya kutaja dawa yoyote.

Mti wenyewe ni mepo ya Japani, ndugu wa ule ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada, ila huu ni mfupi na majani yake yamegawanyika kama vidole vyembamba. Niliupanda nyumbani kwangu, mtaa wa Forest ya Zamani hapa Mbeya, mwaka 2017, na ubaridi wa mji wetu, ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, uliufaa. Oktoba 2022, wakati wa jua kali na upepo mkavu, kingo za majani zilianza kukauka. Nilidhani mvua zikianza utapona, lakini kufikia Februari matawi mawili ya upande wa mashariki yalikuwa makavu kabisa, ilhali upande wa pili ulikuwa na majani, ingawa madogo.

Nilipeleka majani machache kwenye duka la pembejeo. Muuzaji aliyatazama kidogo, akaniuzia dawa ya ukungu na mbolea ya chumvichumvi, wala hakuuliza mti umepandwaje. Nilipulizia na kuweka mbolea kama nilivyoelekezwa, na mti ukazidi kunyong'onyea. Jambo hilo linaniuma hadi leo, maana kuulazimisha mti wenye mizizi dhaifu kula mbolea kali ni kuichoma mizizi michache iliyobaki.

Mtaalamu niliyeelekezwa na jirani alifika Mei 2023, siku tisa baada ya ahadi yake ya kwanza. Alipofika, hakuanza na majani. Alikwangua gome la vitawi kwa ukucha: palipokuwa na kijani chini ya gome, akasema pangali hai, palipokuwa na kahawia kavu, pamekufa. Kisha alikata tawi moja lililonyauka na kunionyesha mti wa ndani. Alieleza kwamba upo ugonjwa wa ukungu wa udongoni, vetisilia, ambao hupenda sana jamii ya mepo, hukausha upande mmoja vilevile, na mara nyingi huacha michirizi myeusi au ya kijani iliyofifia ndani ya tawi. Dawa ya kuuponya haipo. Tawi langu lilikuwa safi, nami nilishusha pumzi.

Ndipo akasema, "Mama, naomba jembe dogo." Akachimba taratibu kwenye shina, na mwishowe kwa mikono. Shina la mti wenye afya hupanuka linapogusa ardhi, na mizizi mikuu huanza kuonekana hapohapo. Langu lilikuwa limenyooka kama nguzo. Mahali pa kupanuka palikuwa sentimita 12 chini, kwa sababu kila mwaka mimi mwenyewe nilikuwa nikilundika samadi na udongo kwenye shina, nikiamini ninaulisha. Gome lililofukiwa lilikuwa limelainika kwa unyevu, na mzizi mmoja, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umelizunguka shina upande wa mashariki na kulikaba. Maji hayakuweza kupanda vizuri kwenda kwenye matawi ya upande ule, na jua la Oktoba lilipoyakausha majani, kingo zikawa za kwanza kukosa maji.

Uchunguzi huo ulinigharimu shilingi 50,000, na kazi ya Julai, mti ukiwa umepukutisha majani, shilingi 80,000. Aliondoa udongo wote uliozidi, akaukata mzizi ule kwa patasi, akauacha mwingine mdogo hadi mwaka unaofuata ili mti usipoteze mizizi mingi kwa mara moja, na akapogoa matawi yaliyokufa tu. Alikataza mbolea kwa msimu mzima. Badala yake alitandaza maganda ya miti yenye kina cha sentimita 6 hivi, yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja, akaniagiza nimwagilie maji mengi mara moja au mbili kwa wiki kuliko kidogo kila siku, na nifunge neti ya kivuli upande wa magharibi Septemba na Oktoba.

Chipukizi zilitoka Septemba hiyohiyo, chache. Mwaka 2024, baada ya mzizi wa pili kukatwa, majani yalirudia ukubwa wake na kingo hazikuungua. Pengo la upande wa mashariki bado lipo, na tawi jipya linalolijaza lina urefu wa mkono wangu.

Malalamiko yangu ni mawili: kuchelewa kule bila kupiga simu, na maelekezo kutolewa kwa mdomo, nikalazimika kuyaandika mwenyewe. Hata hivyo ningemwita tena, na nimekwisha kumwomba aje auone mparachichi wa mama yangu kule Tukuyu, ambao nao umefukiwa shina vilevile.