Kliniki ya chanjo ya watoto huku Ujiji: nesi wa chanjo nampa tano, utaratibu wa siku ya surua nawapa mbili

Habari zenu wamama wa Kigoma, na wababa pia maana mtoto si wa mtu mmoja. Naandika kuhusu zahanati moja ya huku Ujiji, jina naliacha, nilipompeleka mwanangu wa pili chanjo ya surua na rubela alivotimiza miezi 9.

Siku ya kwanza nimetoka Mwanga asubuhi na hiace, mtoto mgongoni, saa mbili kasoro nishafika. Tukapimwa uzito, tukakaa benchi, saa nne ndo dada wa mapokezi anatoka anasema wa surua rudini alhamisi leo mko watatu tu. Hakuna maelezo, hakuna pole. Mwenzangu mmoja katoka kijijini kwa bodaboda, nauli ya kurudi tena ataitoa wapi? Nilisikia uchungu sana na mpaka leo sijui kama yule mama alirudi.

Alhamisi nikarudi na hasira zangu, nikamkuta nesi mtu mzima, sauti ya upole, nikamuuliza mama, kwanini mlitufukuza? Akanionyesha kichupa chenyewe, kina dozi 10, ni unga, ukishachanganywa na maji yake una masaa 6 tu kisha unamwagwa. Kwaiyo wakikifungua kwa watoto watatu dozi saba zinapotea. Sawa nimeelewa, ila kwangu mimi bora zimwagike kuliko mtoto arudi nyumbani hajachanjwa, na kama lazima iwe siku maalum basi waandike kwenye karatasi wabandike mlangoni na watwambie tangu chanjo ya wiki ya 14, hilo halina gharama.

Sasa huyu mama nesi ndo sababu ya mimi kuandika. Foleni ilikua ndefu lakini alikaa akatufundisha benchi zima. Nilimuuliza kwanini miezi 9 na sio mapema, akasema mwanangu, mtoto anazaliwa na kingamwili (vitu vidogo vya kwenye damu vinavyokamata wadudu wa magonjwa) ulizompa wewe tumboni kupitia kondo la nyuma, zinamlinda miezi ya mwanzo halafu zinapungua kidogo kidogo, ukimchanja zikiwa bado nyingi zitaikamata chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Jamani mimi mtoto wa kwanza nilimpeleka tarehe zote bila kujua hata kimoja kati ya hivo!

Akatueleza pia mwili unavyojilinda na magonjwa, akasema ngozi, kamasi na asidi ya tumboni ndo ukuta wa nyumba. Mdudu akipenya, wa kwanza kufika ni seli nyeupe ambazo ni kama sungusungu, filimbi ikilia wanatoka wote wanamvamia mgeni yeyote bila kumuuliza jina, na ule usaha tunaouona kwenye jipu sehemu kubwa ni hao waliokufa kazini. Wakati huo habari inapelekwa kwenye tezi, ndo maana mtu akiumia mguu anaota mtoki kwenye kinena. Huko kuna seli zingine zinazomsoma yule mdudu sura yake hasa na kutengeneza kingamwili za kumkamata yeye tu, ila mara ya kwanza hiyo kazi inachukua hata wiki moja mbili na mtoto mdogo anaweza asifike. Baadae zinabaki seli za kumbukumbu, akija tena yule yule anadakwa mapema. Chanjo inampa mwili sura ya mwizi kabla mwizi hajaja.

Na kilichonishtua zaidi ni kwamba surua yenyewe inaziua hizo seli za kumbukumbu, yaani mtoto akipona surua anaweza kua amesahau magonjwa ambayo mwili wake ulishayajua, ndo unakuta miezi inayofuata anaandamwa na nimonia na kuharisha. Sisi nyumbani tulikua tunasema kalogwa.

Sindano yenyewe mkononi, sekunde tu, na ni bure, hamna aliyeniomba hela. Aliniambia virusi vya kwenye chanjo vimedhoofishwa ila viko hai kwaiyo kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 12 mtoto anaweza kupata joto na vipele, nisishtuke, nimnyonyeshe sana, ila akigoma kunyonya au akipata degedege nikimbie hospitali. Kweli siku ya 8 usiku akachemka, mama mkwe akataka tumpeleke kwa mtu wa dawa za kienyeji, nikamwambia hapana mama, mwili uko darasani huo. Siku mbili akawa anacheza.

Choo kisafi, kivuli kipo cha mwembe, maji ya kunywa hamna beba yako. Ulizia kwanza kwa majirani siku ya surua kabla hujapanda gari. Dozi ya pili ni miezi 18, nishaiandika kwenye kalenda, nitarudi hapo hapo kwa yule mama na nitaangalia kama mlangoni wameshabandika tangazo.