Koncheto za vijana kwenye video: uzoefu wangu, kuanzia Rach 3 ya Yunchan Lim

Mimi napiga kinanda kwenye kwaya ya parokia, mwaka wa kumi na moja huu, na kazi ya mpiga kinanda wa kwaya ni kusindikiza, yaani wimbo ni wa waimbaji, wewe unawabeba kwa chini na ukizidisha mbwembwe mwalimu anakukata jicho. Nasema mapema ili mjue naandika kutokea wapi, maana hii kitu ya kuangalia koncheto kwenye video nimeifanya mwaka mzima sasa na imenigusa hasa hapo kwenye kusindikiza.

Video iliyoniingiza ni ya Yunchan Lim, Mkorea, fainali ya mashindano ya piano ya Van Cliburn pale Fort Worth, Texas, Juni 2022. Anapiga koncheto namba 3 ya Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Urusi, wenyewe wanaiita Rach 3. Alikuwa na miaka 18 na akachukua dhahabu, mdogo kuliko washindi wote tangu mashindano yaanze 1962. Ilijileta yenyewe kwenye simu usiku nimetoka mazoezi. Koncheto, kwa ambaye hajakutana nayo, ni kazi ndefu ya muziki ambapo mpigaji mmoja anakaa mbele na okestra nzima inakuwa nyuma yake, mara nyingi sehemu tatu, hakuna anayeimba. Hii inakwenda dakika 40 na kitu. Nilifungua nikijua naangalia dakika tano nilale, nikaja kushtuka saa saba usiku imeisha, nikarudia sehemu ya kwanza.

Nilichotegemea ni vidole kukimbia tu, maana ndo sifa ya hii kazi, wapiga piano wengi wanaiogopa, hata Josef Hofmann ambaye Rachmaninoff aliiandika kwa heshima yake hakuwahi kuipiga mbele ya watu. Lakini inavyoanza sasa! Okestra inanong'ona kidogo halafu piano inaingia na wimbo mwepesi kabisa, mikono miwili inapiga noti zilezile, mmoja juu mmoja chini, hakuna kodi (noti kadhaa zikipigwa kwa pamoja), hakuna mapambo. Kama mtu anaimba zaburi peke yake kanisani watu hawajafika. Na yule kijana anaupiga hivyohivyo, hauongezei chumvi, anauacha utembee.

Ugumu unakuja baadaye na unapanda taratibu mpaka kwenye kadenza, pale okestra yote inanyamaza piano inabaki peke yake (Rachmaninoff aliandika kadenza mbili, mpigaji anachagua). Mvua ya mawe kabisa. Sasa hapa ndo naomba msiondoke, msiende kunywa maji: baada ya ule moto wote filimbi inaingia na wimbo wa mwanzo, polepole, halafu obo, halafu klarineti, nazo ni za kupuliza, halafu horni, lile tarumbeta lililojikunja kama konokono, kila mmoja anachukua kipande chake, na piano iliyokuwa inanguruma sasa hivi inashuka inakuwa msindikizaji. Inawatandikia mkeka wapite. Mtu ambaye sekunde chache nyuma alikuwa anaweza kuzima ukumbi mzima, sasa anapunguza sauti ili mpiga filimbi mmoja asikike, na unamwona kabisa anasikiliza. Kwenye sauti tupu ningepitwa na hilo. Kwenye video unaona mikono imelegea, macho hayako kwenye kii tena. Mimi pale nilisimamisha video nikakaa kimya, maana kusindikiza nilikuwa nakuchukulia kama kazi ya anayesubiri zamu yake ya solo.

Mwishoni watu wanasimama wote na Marin Alsop, aliyekuwa anaongoza okestra ya Fort Worth Symphony, anajifuta chozi. Huyo mama ameongoza okestra miaka mingi na kwenye mashindano hayo ndo alikuwa mwenyekiti wa majaji, kwa hiyo si mtu wa kulia ovyo.

Halafu kuna kitu nilikisoma kuhusu hii koncheto nikakipenda sana. Rachmaninoff aliiandika 1909 kwa ajili ya safari yake ya Marekani, muda wa kujifunza akawa hana, akapanda meli na kinanda kisichotoa sauti akawa anafanya mazoezi njiani humohumo, Novemba mwaka huo akaipiga New York mara ya kwanza. Wenzangu wa vinanda vya umeme mnaijua hiyo, umeme umekatika Alhamisi jioni na wimbo ni wa Jumapili, unabonyeza kii kimya unausikia kichwani.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta nyingine. Sheku Kanneh-Mason wa Nottingham, Uingereza, mpiga selo (kama fidla kubwa inayopigwa umekaa), alishinda shindano la wanamuziki vijana la BBC Young Musician 2016 akiwa na miaka 17, mweusi wa kwanza kushinda tangu shindano lianze 1978. Alipiga koncheto ya kwanza ya selo ya Shostakovich, mtunzi wa Urusi, ukumbi wa Barbican, London. Hii iangalieni ndugu zangu, msiiogope kwa sababu ya jina. Inaanza na noti nne tu, kavu, kama mtu anagonga mlango kwa hasira, na zile noti nne zinarudi na kurudi mpaka zinakukaa mwilini. Tarumbeta za kawaida hamna, kwenye kundi lote la ala za shaba mtunzi ameweka horni moja tu, na ile horni inajibizana na selo kama ndugu wawili wenye neno lao la zamani. Sehemu nzima ya tatu ni kadenza, selo peke yake, okestra imekaa tu inamtazama kijana wa miaka 17. Uso wake pale! Anakunja, anafumba macho, anatabasamu ghafla, hafichi kitu. Najua kuna watu hawapendi mpigaji anayeonyesha uso namna hiyo, mimi napenda, alimradi sauti inakubaliana na uso.

Evgeny Kissin, mpiga piano wa Urusi, Moscow 1984 ni ya kuangalia pia, mtoto wa miaka 12, koncheto mbili za mtunzi Chopin usiku mmoja. Picha ni ya zamani, sauti si nzuri sana, ila utulivu wa yule mtoto ni wa mzee. Na Van Cliburn mwenyewe, mpiga piano Mmarekani ambaye yale mashindano ya Fort Worth yana jina lake, aliyeshinda Moscow 1958 katikati ya vita baridi, naye alipiga Rach 3 hiyohiyo fainali. Mkiweza muangalieni siku hiyohiyo na Lim, miaka 64 kati ya fainali zao, utaona Cliburn anaimba kwa kifua kipana na Lim anaimba kama anajisemesha.

Sasa malalamiko. Kubwa ni kamera. Kuna waongozaji wanabadilisha picha kila sekunde mbili, mara uso, mara taa za juu, mara bibi mmoja wa safu ya tatu, mpaka hujui mkono wa kushoto umefanya nini. Kwa anayejifunza hiyo haina faida. Video nzuri inakaa kwenye mikono hata nusu dakika bila kuhama, na filimbi ikiwa na wimbo inakuonyesha mpiga filimbi, mpiga piano aonekane kwa mbali. Za mashindano mara nyingi ni afadhali, tena ni tukio moja, linapigwa moja kwa moja, noti ikikosewa imekosewa utaisikia, hakuna kukata na kuunga. Nawaamini zaidi kwa hilo.

Niliwahi pia kulipia huduma moja ya mwezi mzima ya tamasha za klasiki, siitaji jina. Picha safi lakini kwa intaneti yangu ilikuwa inaganda kila mara, na unajua koncheto ikiganda katikati ya kupanda mlima huwezi kuendelea ulipoishia, inabidi urudi chini uanze kupanda upya. Niliwaandikia mara mbili sikujibiwa, mwezi ukaisha sikuongeza. Ushauri wangu anzeni na za bure, zipo nyingi na nyingine zimewekwa na mashindano wenyewe au na okestra. Mashindano ya Chopin ya Warsaw, yale ya kila baada ya miaka mitano, wanaonyesha laivu raundi zote bure na zinabaki pale unaangalia kwa nafasi yako.

Kwa upande wa bando, picha ya 480 inatosha, pesa wekeni kwenye hedifoni. Spika ya simu inaua besi zote, na Rach 3 bila besi ni nyumba bila msingi. Mimi natumia za waya za bei ya kawaida na zimenitosha. Tena msiangalie vipande vipande vya dakika moja vile wanavyokata pale penye kasi tu, utamaliza hamu kabla hujakutana na kitu chenyewe. Ile filimbi inauma kwa sababu umetoka kwenye mvua ya mawe. Ukiikata peke yake ni kawimbo tu.

Kuna kijana namfundisha kinanda, ana miaka 13. Jumamosi moja baada ya mazoezi nilimwekea sehemu ya kwanza ya Lim yote, nikamwambia asiongee. Kadenza ilimfanya acheke kwa mshangao, lakini ilipoisha hakuniomba kadenza, aliniambia mwalimu rudisha pale filimbi inapoingia. Tukarudisha mara tatu. Kesho yake kwenye wimbo wa matoleo nikamsikia anapunguza kinanda mwenyewe bila kuambiwa pale sauti ya pili inapobeba wimbo, wale akina mama wakasikika mpaka mlangoni.

Linki sijaweka, andikeni tu Yunchan Lim Rachmaninoff 3 Cliburn 2022, chagueni iliyo kamili ya dakika 40 na kitu.