Mashua ya kushona na kugandisha: uzoefu wetu na wajukuu kando ya ziwa

Kama umestaafu, una kibanda cha mbao kando ya ziwa, na wajukuu wanakuja likizo wakiwa na nguvu nyingi kuliko shughuli za kuzimaliza, pengine unajiuliza lile tulilokuwa tukijiuliza mimi na mume wangu: tufanye nao nini ambacho si kuwatafutia tu cha kuwashika mikono? Sisi tuliagiza seti ya kuunganisha mashua ndogo ya makasia. Inakuja kwenye boksi refu, bapa, lenye vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa kwa mashine, bunda la waya wa shaba, makopo ya gundi ya epoksi, kitambaa cha faiba na kitabu cha maelekezo. Sasa mashua iko majini na watoto wanapiga kasia wenyewe. Naipa nyota 4 kati ya 5. Kwa nini si 5 nitaeleza mbele, maana sababu yake inawahusu watoto.

Wajukuu wetu ni watatu. Mkubwa amefika umri wa kutaka kazi ya kweli, na ukimpa ya kitoto ananuna. Wa kati ana mikono myepesi na maswali yasiyoisha. Mdogo anataka tu kuwa popote walipo wenzake. Mgongo wa mume wangu hauruhusu tena kunyanyua mizigo, na mimi siwezi kuona kazi ya karibu bila miwani. Pale kibandani tulishapaka rangi ukuta, tukabadilisha mbao za gati, tukapanda miti, na kila mara ikawa vilevile: wazee wanafanya kazi, watoto wanatazama dakika chache kisha wanatawanyika. Tulitaka kazi ambayo mmoja wetu akiondoka, inasimama.

Utaratibu huu wa kushona na kugandisha si mgeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kule Uingereza, mbunifu wa mashua Jack Holt na Barry Bucknell, aliyekuwa akionyesha ufundi wa nyumbani kwenye televisheni, walitoa mashua ndogo ya tanga iitwayo Mirror, kwa jina la gazeti la Daily Mirror lililoiunga mkono. Ilikuwa na urefu wa mita 3.3, ikauzwa kama seti ya kujiundia nyumbani, na hadi leo zimeundwa zaidi ya 70,000. Siri yake ni ileile iliyomo ndani ya boksi letu. Huhitaji kupinda mbao kwa mvuke wala kuchonga mataruma, zile mbavu za ndani. Vipande vimekatwa kwa umbo ambalo, ukivifunga ukingo kwa ukingo, vinapinda vyenyewe na kuwa mashua. Fundi aliyefanya hesabu ameshaifanya. Kwako inabaki mikono, uvumilivu na kivuli.

Kushona ndiko kulikotupa raha kuliko yote. Kandokando ya kila kipande unatoboa matundu ya milimita 2 hivi, kila baada ya sentimita 15. Mkubwa aliyatoboa yote kwa drili ya mkono, ile ya kuzungusha. Naisifu sana drili hiyo kwa kazi ya watoto: haina kelele, haikurupuki, na mtoto anahisi ubao unavyopenyeka badala ya kushikilia mashine inayomvuta. Kisha vipande viwili vya chini unavilaza kimoja juu ya kingine, unavifunga kwa waya upande mmoja, na unavifunua kama kitabu. Hapo ubao uliokuwa bapa unainuka ncha moja, na unaiona omo, ncha ya mbele ya mashua, ikijitokeza mbele ya macho yako. Mdogo alipiga kelele hadi ndege wakaruka kwenye matete.

Tuliiweka juu ya mabenchi mawili. Mimi nilisimama juu nikichomeka waya uliokunjwa kutoka ndani, ncha zake mbili zikitokeza chini, na wa kati amelala chali pale chini, miwani ya kinga usoni, anazishika na kuzisokota kwa vidole. “Bibi, mwingine!” Mdogo alikuwa na kikombe cha vipande vya waya, kazi yake kunipa kimoja kimoja. Mkono wangu usingeingia pale chini kwenye tezi, yaani nyuma ya mashua, mahali ambapo mbao zinakaribiana, hata ningejaribu kutwa nzima. Wake uliingia. Na yeye asingefika juu. Ndiyo sababu naisema seti hii kwa mapenzi: bila kukusudia, walioitengeneza wameipa nafasi ya mikono midogo.

Shauri moja ambalo kitabu kinalipitia haraka mno: sokota waya zote zikiwa legevu kwanza, uone mashua imekaa, ndipo uanze kukaza kidogo kidogo kutoka katikati kwenda omo na tezi. Na kabla ya gundi yoyote, hakikisha haijajipinda. Mume wangu alilaza fito mbili zilizonyooka juu ya kingo za mashua, moja karibu na omo na nyingine kwenye tezi, akapiga magoti nyuma. “Mjukuu wangu, fumba jicho moja, tazama kama hizi fito mbili zinalingana.” Mkubwa akatazama, akasema ya mbele imeinuka kulia. Wakalegeza waya chache, wakasukuma, wakatazama tena. Nimeishi na mume huyu miaka mingi, na sijamwona akifundisha kwa utulivu kama pale. Epoksi ikishaganda, mpindo haurekebishiki tena. Mashua itakwenda upande maisha yake yote.

Sasa epoksi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mzee anapotakiwa kuwa mzee. Ni vitu viwili, resini na kigumishi, na haigandi kwa kukauka bali kwa vitu hivyo kuungana kikemia. Kwa hiyo kipimo hakichezewi. Kuongeza kigumishi hakuiharakishi. Kunaiacha ikinata na isigumuke kamwe. Seti yetu ilikuja na pampu za kufunga juu ya makopo, bonyezo moja hapa na bonyezo moja pale, na kipimo kinakuwa sahihi chenyewe. Pampu hizo zinastahili sifa. Wa kati alihesabu mabonyezo kwa sauti, mimi nikapampu, na hatukuwahi kuharibu kikombe hata kimoja.

Mchanganyiko huo unazalisha joto. Ukiuacha kwenye kikombe kirefu unaweza kupata moto wa kutoa moshi na kuyeyusha plastiki. Ukiumwaga kwenye trei pana, joto linatawanyika na unapata muda wa kufanya kazi. Hali ya hewa nayo ina neno lake: joto likipanda kwa nyuzi 10, muda wako unapungua karibu nusu. Sisi tulichanganya asubuhi, kivulini, kidogo kidogo. Ile nzito, iliyochanganywa na unga wa mbao, inapakwa kwenye maungio kwa ndani na kulainishwa kwa kijiti chenye ncha ya duara. Mkubwa na babu yake walifanya hiyo, bega kwa bega, na maungio ya mkubwa ndiyo yaliyotoka laini zaidi. Ikishaganda unakata waya, na mashua inasimama yenyewe. Baada ya hapo ndipo kitambaa cha faiba kinalazwa juu ya maungio.

Epoksi nyingine zikishaganda hutoa utando wenye utelezi. Uoshe kwa maji safi na kitambaa kigumu kabla ya kupitisha msasa, maana msasa bila kuosha unausambaza tu, na rangi haitashika.

Kisha kuna kusubiri. Sikutarajia kwamba hiki ndicho ningekipenda. Gundi ikishapakwa, hakuna cha kufanya hadi kesho yake, na watoto hawawezi kuibembeleza. Basi mchana unabaki mtupu, na hakuna aliyeupanga. Tulikaa barazani. Mkubwa, ambaye miaka yote alikuwa akimjibu babu yake kwa neno moja moja, alianza kumuuliza alikuwa akifanya nini kazini kabla ya kustaafu, nani alimfundisha kupima, kama aliwahi kufukuzwa. Mume wangu alijibu yote, na mengine nilikuwa sijayasikia. Wa kati alinifundisha mchezo wa karata ambao sheria zake bado zinanichanganya. Miradi inayokwisha kwa siku moja haina mapengo kama haya, na ndiyo maana naipendelea hii kwa wazee wenzangu.

Ile nyota niliyoizuia ni hii. Boksi linaonyesha kwa nje picha ya familia yenye watoto, lakini ndani yake glavu ni za watu wazima tu, tena chache, na onyo kuhusu epoksi liko kwa herufi ndogo mwishoni mwa kitabu. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara inaweza kuleta mzio, na mzio huo ukishakuingia hauondoki. Mtu hawezi tena kuikaribia gundi hiyo bila kuwashwa na kuvimba. Jambo zito kama hilo lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza. Nunua glavu za saizi ya watoto wako kabla hamjaanza, waweke wadogo mbali kabisa na epoksi mbichi, na ikimgusa mtu muoshe kwa sabuni na maji, si kwa thina, kwani thina inaisukuma ndani ya ngozi. Vumbi la msasa vilevile: barakoa kwa kila mtu, na lowesha pale inapowezekana ili lisipae. Kitabu chenyewe kimeandikwa kana kwamba anayeunda ni mtu mmoja peke yake kwenye gereji. Waya nao haukutosha, ingawa muuzaji alituletea mwingine bila maneno mengi.

Msasa unachosha, hakuna njia ya kuupamba. Tuligawana kwa zamu. Rangi ya nje walichagua watoto, ndani tukapiga vanishi. Makasia tuliyapaka mafuta ya kitani, na hapa nawasihi: matambara yenye mafuta hayo msiyafinyange na kuyatupa pembeni. Yanajipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandazeni nje yakauke, au yalowesheni kwenye ndoo ya maji. Kibanda ni cha mbao.

Majaketi ya kuokoa maisha hayamo kwenye seti, na sioni kosa katika hilo, kwa sababu lazima yachaguliwe kwa uzito wa kila mtoto. Tazama lebo. Chini ya kiwango cha kimataifa cha ISO 12402, jaketi la newtoni 50 (kipimo cha nguvu ya kueleza mtu majini) ni la anayejua kuogelea na msaada uko karibu. La newtoni 100 kwenda juu limekusudiwa kumgeuza mtu uso utazame juu. Kwa wajukuu tulichukua la 100, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Mvishe, funga yote, kisha mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake, hata kama anasema linamtosha.

Majini mashua imetufurahisha. Ni nyepesi, watu wawili wanaibeba bila kuumia, na inakwenda moja kwa moja bila kuyumba ovyo. Chini ya viti vya omo na tezi kuna visanduku vilivyofungwa vya hewa. Siku ya kwanza, kwenye maji ya kiunoni, tuliijaza maji makusudi hadi kingoni, watoto wakiwa wameishika. Haikuzama. Tuliwafundisha wabaki nayo ikipinduka, wasijaribu kuogelea kwenda ufukweni hata kama ufuko unaonekana karibu, kwa sababu mashua inaonekana kwa mbali na kichwa cha mtoto hakionekani. Mdogo sasa anawahubiria wageni wote jambo hilo.

Usiinunue kama wajukuu wanakuja kwa mwisho wa juma tu, au kama huna banda, turubai au mti wa kukupa kivuli cha kudumu. Usiinunue pia kama unataka iwe kamilifu. Kwenye yetu kuna alama za vidole vya mtu chini ya vanishi, nami sitaki ziondoke. Kwa wengine wote, nunueni mkijua kwamba epoksi hailipendi jua, kwa hiyo vanishi lazima irudiwe kila inapoanza kufifia, na mashua ihifadhiwe imefunikwa, kifudifudi, isigusane na udongo.

Tanga lake linauzwa peke yake, na tundu la mlingoti limeshaachwa kwenye kiti cha mbele. Mkubwa ameliomba, na babu yake ameshaanza kupima mti wa mlingoti.