Lipia ndipo umfungue bibi: uzoefu wangu na aplikesheni ya baiskeli

Zile nyota tano nilizowapa zamani nimezifuta. Yale maoni marefu niliyowaandikia, yaliyoanza na "vijana wa Moshi, pakueni hii kitu", hayapo tena. Sasa nimewapa moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haupokei sifuri.

Jina la aplikesheni hii ya kurekodi safari za baiskeli silitaji. Wanaoendesha baiskeli huku Kilimanjaro watajua nasema nini, na asiyeijua hajapungukiwa na kitu. Inakubali simu gani, ina ukubwa gani, mtayakuta huko huko inakopakuliwa. Mimi nina neno moja tu, nalo ni kufuli.

Lenyewe ni dogo, la njano. Lilikuja na toleo jipya, masika yalipokuwa yanaisha hivi. Nilikuwa nimetoka Moshi mapema, malori ya kwenda Holili yamenipigia honi njia nzima, nimekata kushoto Himo nikaanza kupandisha, na nimefika Marangu Mtoni magoti yanacheza. Nikakaa kwenye baraza ya duka, nikafungua ule mpira wa tyubu ninaofungia simu kwenye usukani, nikabonyeza "maliza".

Hapo ndipo raha yetu ilipokuwa. Ukimaliza inakuonyesha kipande cha barabara ulichopita, muda wako, na orodha ya wote waliowahi kukipita, kuanzia anayepaa hadi anayeshuka na kusukuma kwa mkono. Siku hiyo ikaniletea muda wangu peke yake. Chini yake majina yote yamefifishwa, hayasomeki, kufuli la njano limekaa katikati, na maandishi: lipia ili ufungue Bibi Ananisubiri.

Bibi Ananisubiri! Jamani, hicho kipande nilikianzisha mimi. Kinaanzia pale barabara ya Marangu inapoachana na ile ya Holili, kinaishia Marangu Mtoni njia panda. Nilikichora mwenyewe kwa kidole kwenye kioo kilichopasuka, na nikakipa jina hilo kwa sababu bibi yangu anakaa Mamba na ndiye niliyekuwa napanda kwenda kumsalimia. Bibi yangu mzazi. Sasa mtu aliye huko ng'ambo, asiyejua Mamba iko wapi, ananiambia nilipe kwa dola ili nimfungue bibi.

Aisee, nilicheka kwanza. Hasira ilikuja niliposhuka.

Jioni akanipigia fundi. Ana karakana yake ya baiskeli Kiboriloni, ni mtu mzima wa kunizaa, na anaendesha chuma cha mtumba alichokifumua na kukiunga upya hadi hakijulikani kilikuwa cha kampuni gani. Mimi na yeye tumegombania nafasi ya pili kwenye kile kipande tangu zamani. Ya kwanza tumeshaisahau, aliichukua mtalii mmoja aliyekuja na baiskeli inayobebeka kwa kidole.

"Mangi, leo nimekupita au sijakupita?"

"Fundi, sijui. Wamefunga."

"Wamefunga nini, barabara?"

Nikamweleza. Akanyamaza, halafu akaniuliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Sasa hao wanaouza muda wangu, walikuwepo wakati napanda?"

Wazee wetu wa uchaggani walichimba mifereji ya kushusha maji kutoka mlimani, kila ukoo ukatoa nguvu, na kila mwaka watu wakatoka kuisafisha. Hebu fikiria aje mtu kutoka mbali, aweke lango kwenye mfereji, asikuuzie hata maji, akuuzie ruhusa ya kutazama nani amechota. Ndicho walichofanya hawa.

Tuhesabu basi. Setilaiti za GPS ni mali ya serikali ya Marekani na hazimtozi mtu hata senti. Ule ukungu waliokuwa wakiuweka makusudi ili raia wasipate vipimo sahihi waliuondoa Mei 2000. Ramani iliyo chini ya mistari yetu ni ya OpenStreetMap, iliyoanza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea, wakiwemo Watanzania waliokesha wakichora vichochoro vya Dar es Salaam. Simu ni yangu. Bando ni langu. Kipande nimekichora mimi, miguu ni ya fundi. Wao mchango wao ni kufuli.

Haya, nisiwaonee. Seva zina gharama na wahandisi wanakula. Na kurekodi, inarekodi vizuri, tena bado bure. Kuna watu wanaogopa kuiwasha barabarani eti itamaliza bando. Si kweli, simu inapokea tu ishara za setilaiti, haitumi kitu. Unazima data kabisa, unapandisha, bando unalitumia ukifika nyumbani wakati wa kupakia safari yako. Chini ya migomba na miti mikubwa ya huko juu mstari unayumba kidogo, na mwinuko inaokupa usiuchukulie kama wa mpima ardhi, lakini umbali hainidanganyi. Dada mmoja nesi tunayeendesha naye anasema kwake hiyo inamtosha, hajawahi kujali nani wa ngapi. Nilipokuwa naandika aya hii nilitaka kupandisha nyota ziwe tatu.

Halafu nikakumbuka barua pepe.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Niliandika kwa adabu, na Kiingereza changu nilikipiga pasi. Nikawaeleza kwamba sipingi kulipa. Mkileta kitu kipya, ramani za kutumika bila mtandao, mpango wa mazoezi, chochote, tozeni, anayetaka atalipa. Ninachouliza ni kitu kilichokuwa bure jana, tena tulichokitengeneza sisi, kimegeukaje kuwa bidhaa yenu? Na nikaomba kama haiwezekani kukifungua, basi wanipe orodha ya safari zangu zote nizihamishe. Nikawatajia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ili wajue kwamba na huku kuna sheria.

Walijibu siku hiyo hiyo, hilo nawapa. Eti wamefurahi sana kupata ujumbe wangu. Eti wananishukuru kwa mapenzi yangu na michezo. Chini wakabandika maelezo ya faida za kulipia, ambayo nilikuwa nimeshayaona kwenye kufuli, na vikaragosi viwili, kimoja kinacheka kimoja kimenuna, nichague kama nimesaidiwa. Nikachagua kilichonuna. Ukaja ujumbe kwamba suala langu limetatuliwa na limefungwa.

Nikaandika tena. Safari hii nadhani nilijibiwa na binadamu, maana jibu lilikuwa fupi na halina furaha: kama huridhiki na huduma ya bure, unaweza kufuta akaunti yako wakati wowote; vipande ulivyoanzisha vitaendelea kuwepo kwa ajili ya jumuiya.

Soma tena hiyo ya mwisho. Mimi niondoke, bibi abaki kwao.

Kuna kauli ambazo mtu hawezi kumwambia mteja hata muuza nyanya wa Himo siku ya gulio, anayejua utarudi tu kwa sababu nyanya zake ndizo nzuri. Huyu aliandika akasaini na jina lake la kwanza, na alama ya tabasamu.

Najua si wao waliobuni tabia hii. Strava, aplikesheni nyingine ya kurekodi safari iliyoanza mwaka 2009, walifanya hivyo Mei 2020, wakati korona imefungia watu ndani na wengi ndio kwanza wanaigundua baiskeli: orodha nzima za vipande zikawa za wanaolipa, wa bure wakaachiwa kumi bora tu. Watu walilalamika sana. Lakini wale angalau waliandika barua wakasema wazi kwamba kampuni bado haipati faida na lazima ianze kupata. Mtu akiniambia nina shida, naelewa, kwetu hata harusi tunachangiana. Garmin, watengenezaji wa saa za michezo, nao Machi 2025 wakaleta Connect+, huduma ya kulipia ya dola 6.99 kwa mwezi, kwa watu waliokuwa wameshanunua saa zao kwa hela nyingi, ila walisema vilivyokuwa bure vitabaki bure. Hawa wa kwangu hawakusema shida, hawakuahidi chochote. Walirusha maputo kwenye skrini na kuandika "Tuna habari njema!"

Na tusidhani safari zetu hazina thamani bila sisi kulipa. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba idara ya usafiri ya jimbo la Oregon, Marekani, ililipa Strava dola 20,000 kupata taarifa za wapi waendesha baiskeli wanapita, ili ipange barabara. Kwa hiyo mtu anatoka jasho, jasho linauzwa mbele, halafu anarudishiwa bili. Sisemi na hawa wa kwangu wameuza zetu. Nasema tu, kama kuna idara popote inataka kujua wapi barabara ya Moshi kwenda Himo haina pa kupita baiskeli, fundi atawaambia kwa bei ya soda.

Nisichoelewa kingine ni malipo yenyewe. Hakuna mahali pa kuweka namba ya simu ukalipa kama unavyolipia umeme. Wanataka kadi, na kadi hiyo ibaki kwao, ikatwe yenyewe kila mwezi mpaka ukumbuke kuizuia. Kiasi kimoja cha mwezi hapa ni tyubu mpya na bakuli la mtori juu yake. Kwa mtu anayekaa Ulaya najua ni bei ya kikombe cha kahawa, na pengine kahawa yenyewe imetoka Kibosho, lakini si ndiyo maana ya kuwa na ofisi inayopanga bei, ujue unamuuzia nani na wapi?

Kuna kijana anashusha ndizi kutoka Marangu kwenda soko la Himo, baiskeli ya Phoenix, mikungu imemzidi kimo, breki ya nyuma ni kandambili. Ananipita kila nikikutana naye kwenye mteremko, na huwa anasalimia kabisa akiwa anapita, "Shikamoo bro", salamu mbili kwa mpigo. Hajawahi kuwa kwenye orodha yoyote. Juzi nilimtazama akiishia kwenye kona nikamwonea wivu.

Tukaja kwenye grupu letu la WhatsApp. Mwalimu, ambaye anafundisha hesabu sekondari na huwa wa mwisho kufika Marangu kila safari, akaleta hoja: mmoja wetu alipie ya mwaka mzima, wengine tuchange, na kila Jumamosi jioni apige picha ya skrini ya Bibi Ananisubiri aitupe grupuni. Nesi akakubali, japo hajali nani wa ngapi. Fundi akakubali kabla mwalimu hajamaliza kuandika. Mimi nikatuma ujumbe mrefu kwamba tukichanga tutakuwa tumelipa kama wao wanavyotaka, na kwamba mgomo hauvunjwi na watu wanne. Sikujibiwa. Mmoja akaweka kidole gumba, sijui kwa hoja ipi.

Mwalimu akalipa. Jumamosi ikaja picha, majina yote yanasomeka, mtalii wetu bado yuko juu, halafu fundi, halafu mimi. Kanipita kwa sekunde chache. Dakika hiyo hiyo fundi akanipigia, hakusema kitu, alikuwa anacheka tu.

Nakiri ilikuwa tamu kuiona. Tamu sana. Nilienda kule kwenye maoni nikapandisha nyota ziwe tatu, nikaandika kwamba kwa wanaoweza kulipa ni kitu kizuri. Nikalala. Asubuhi nikaisoma tena ile barua ya "vitaendelea kuwepo kwa ajili ya jumuiya", nikarudisha moja. Kama unaanza leo, huna kipande ulichokianzisha, na hujali mwenzako kakupita kwa kiasi gani, ipakue, itakufaa, usibonyeze kitu chochote cha njano. Kama una mshindani, sijui nikushauri nini.

Mchango wa mwalimu sijautuma. Jana katangaza grupuni kwamba kuanzia wiki ijayo asiyechanga hatumiwi picha, na namba ya kutuma hela ameibandika juu kabisa. Nikamwandikia pembeni: "Mwalimu, na wewe tena?"

Akajibu: "Mangi, na mimi nina gharama za uendeshaji."