Mchambuzi wa Jumamosi na sauti yake ya mwaka 2013

Kipindi cha uchambuzi wa siasa kinachorushwa kila Jumamosi asubuhi na redio moja ya hapa Mtwara kimekuwa gumzo kwenye vijiwe vya kahawa, na sehemu kubwa ya gumzo hilo haihusu yanayosemwa leo bali sauti ya zamani ya mchambuzi wake, inayozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Katika sauti hiyo, iliyorekodiwa mwaka 2013 wakati wa vuguvugu la kupinga gesi ya Mtwara kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, anasikika kijana akisema kwa jazba kwamba gesi haitoki, kwamba bomba ni wizi na kwamba atakayelikubali ni msaliti wa Kusini. Wanaoisambaza wanataka tukubali kuwa mtu aliyetamka maneno hayo hana haki ya kutufundisha lolote leo. Nimekifuatilia kipindi hiki msimu mzima wa minada ya korosho, na kwa maoni yangu sauti hiyo ni mojawapo ya sababu za kukisikiliza.

Mfano mzuri ni siku msikilizaji wa Nanguruwe alipopiga simu na kumwambia, "Kaka, wewe ndiye uliyetuambia gesi haitoki, leo unatusomea vifungu vya sheria. Tukuamini wewe yupi?" Badala ya kukwepa, mchambuzi alimwomba fundi mitambo aipige sauti ile yote bila kukata, kisha akaichambua kama anavyochambua hotuba ya waziri. Alisema ameliacha dai kwamba gesi ni mali ya mkoa peke yake, kwa kuwa siku anayasema hayo gesi ya Songo Songo, iliyo Kilwa mkoani Lindi, ilikuwa inakwenda Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004, na yeye hakuwahi kuwauliza ndugu zake wa Kilwa wamepata nini na wamekosa nini. Ameliacha pia neno "msaliti", kwa sababu katika vurugu za Mei 22, 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni Dodoma, mali zilichomwa moto na watu walipoteza maisha, na hawezi kujifanya kwamba maneno makali ya vijana wa wakati ule hayakuwa na mchango wowote.

Lipo hata hivyo jambo ambalo hakuliacha. Ujenzi wa bomba ulizinduliwa Novemba 2012, ilhali Sera ya Gesi Asilia ilitoka Oktoba 2013, maana yake wananchi walitakiwa kuukubali mradi kabla hawajaelezwa nchi imepanga kuitumiaje gesi yao. Msimamo huo anao mpaka leo, na sasa anautetea kwa tarehe na nyaraka mahali ambapo zamani alitumia matusi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisambaza sauti ile. Mwalimu Nyerere aliiongoza nchi kuingia rasmi katika chama kimoja mwaka 1965, naye huyohuyo mwanzoni mwa miaka ya 1990 akahimiza mjadala wa vyama vingi, wala hatuzitafuti hotuba zake za miaka ya 60 ili kuzifuta zile za baadaye. Ninachokiri ni kwamba si kila anayebadilika amekua. Tunao wachambuzi waliogeuza maneno mara tu baada ya uteuzi, bila kueleza hata siku moja ni hoja gani iliyowashinda. Huyu wetu aligeuka bila cheo, akapoteza mashabiki, na njia aliyopita ameionyesha hatua kwa hatua. Yupo pia mwenzake, maarufu mtaani, anayesifiwa kwa kutoyumba, ambaye bado anatangaza kwamba bomba halitapita, ingawa lilizinduliwa mwaka 2015 na kiwanda cha kusafishia gesi kipo Madimba.

Kasoro za kipindi zipo. Matangazo ya kubeti yanakatiza hoja zikiwa zimekolea, na suala la gesi asilia ya kimiminika kule Likong'o, Lindi, huguswa juujuu tu. Kubwa zaidi ni namna mchambuzi anavyowatendea vijana. Mwanafunzi mmoja wa chuo aliyealikwa studio alidai kwamba ushuru wa huduma unaotokana na gesi ungetosha kuendesha halmashauri zote za mkoa. Hesabu yake ilikuwa mbovu, lakini mchambuzi alimcheka hewani na kumwambia aende akasome kwanza. Mtu anayeomba apimwe kwa safari yake angempa kijana yule dakika mbili za kuianza ya kwake.

Kuna na rekodi nyingine ambayo hajaigusa. Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzisomba, alisifu uamuzi ule bila kuuliza swali hata moja, na wakulima wa Tandahimba na Newala waliosubiri malipo wakati uhakiki wa wakulima ukiendelea wanayakumbuka maneno yake vizuri. Kwa gesi ningempa nyota tano. Kwa korosho bado yuko kimya, hivyo kipindi kizima nakipa nyota tatu, na ya nne naishikilia hadi aipige hewani rekodi hiyo pia.