Deli la kupeleka samaki Airport Mwanza: chungulia kizibo kabla hujasoma jina la kampuni

Kila zikikaribia sikukuu malalamiko ni yale yale. Deli, yaani boksi la kutunzia baridi, limetoka Mwanza kavu, limefika Dar limelowa, begi la jirani linanuka sangara, na mwenye mzigo anaitwa pembeni kuulizwa maswali. Lawama zote wanatupiwa wapakia mizigo. Wana makosa yao, sikatai, lakini maji mengi hayapiti mfunikoni. Yanapita chini, kwenye kitundu cha kutolea maji ambacho dukani hakuna mtu anayekitazama. Watu wanatazama rangi, wanapiga ubavu kwa kiganja kusikia kama ni mgumu, wanauliza "linakaa na baridi saa ngapi?", kisha wanalipa.

Saa za baridi kwa safari hii si hoja. Kutoka katikati ya jiji hadi uwanjani ni kama kilomita 10 kwa barabara ya Makongoro. Ndege ya kwenda Dar hutumia saa moja na kitu hadi saa mbili, kutegemea ni ya jeti au ya pangaboi. Jumlisha saa mbili za kufika mapema na muda wa kusubiri mzigo upande wa pili: saa sita hivi, ziwe nane ukichelewa. Samaki aliyeganda sawasawa anavuka muda huo hata ndani ya boksi la stairofomu. Kwa hiyo usikubali kulipia "siku tano za barafu" kama unavyoambiwa.

Turudi kwenye kizibo cha kile kitundu cha chini. Viko vya aina mbili. Cha kwanza ni cha kubonyeza, kipira kinachoning'inia kwa kamba ya plastiki. Cha pili ni cha kuzungusha, chenye nyuzi kama za chupa na washa ya mpira ndani yake. Cha kubonyeza kinafaa deli linalokaa chini ya meza ya muuza soda. Kwenye mkanda wa mizigo kinakwaruzwa, kinagongwa na begi lenye magurudumu, na kikishachomoka hakuna anayekirudisha.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalijui. Uwanja wa Mwanza uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani hushuka ikawa kama ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ukiwa umelizungushia deli solotepu tabaka nne mfuniko mzima, hewa uliyoifungia Mwanza inatafuta pa kutokea, na penye udhaifu ni pale kwenye kipira. Kwa kitundu cha sentimita 2, msukumo ni kama wa gramu 200 hadi 400. Ni mdogo, ila kipira kilicholegea na chenye maji nyuma yake hakihitaji zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwenye kufunga sana ndiye anayevuja, na mwenye kufunga kwa kamba mbili tu anafika salama akishangaa wenzake.

Jaribio la dukani ni rahisi. Mimina lita mbili za maji, futa nje, weka deli juu ya gazeti kavu, liinamishe upande wa kizibo, subiri dakika kumi. Gazeti likilowa, shukuru na uondoke. Muuzaji akikataa usijaribu ("utaliharibu, dada"), ondoka bila hata kushukuru. Deli linaloharibika kwa maji ni la kazi gani?

Kama tayari unalo lenye kipira, usihangaike na silikoni. Plastiki ya madeli haya haishikwi na silikoni. Inakauka vizuri, kisha siku ya safari inabanduka kama ganda la ndizi. Tafuta kwa wauza vyuma bolti isiyoshika kutu inayoenea kwenye kitundu, nati yake, washa mbili pana za chuma na mbili za mpira. Mpira ukae umegusa plastiki, ndani na nje, chuma kiwe juu ya mpira. Kaza hadi mpira uanze kutanuka, uishie hapo, maana ukizidisha utapasua ukuta. Ukuta ukipasuka maji yanaingia kwenye foma ya katikati, deli linakuwa zito, na harufu yake haitoki tena hata ukiliosha kwa ndimu mwezi mzima.

Sasa ninavyoyapanga madeli, kuanzia lililo bora kwa safari hii.

Juu kabisa naliweka Igloo Playmate, lile dogo lenye mfuniko wa mgongo kama paa la nyumba, la qt 16 (qt ni kwati, kipimo cha ujazo cha Marekani). Ndiyo, nalipendelea, na sababu ni moja: halina kitundu cha chini. Pasipo na tundu hapavuji. Mkono wake mmoja unapita juu, kwa hiyo mtu analibeba wima bila kufundishwa. Kasoro yake ni mfuniko, ambao hauna mpira wa kuziba. Likilazwa ubavu na ndani mna maji ya kuelea, yatatoka. Dawa ni kutoweka maji ya kuelea, nitaeleza chini. Ujazo ni lita 15, maana yake kilo saba au nane za sato waliogandishwa pamoja na barafu. Kwa kitoweo cha nyumba moja inatosha. Anayetaka kulisha ukoo ashuke mstari unaofuata.

La pili ni deli la mstatili la lita 24 hadi 30 lenye kizibo cha kuzungusha. Hata yasiyo na jina kubwa yanafaa yakifaulu jaribio la gazeti. Hesabu ya uzito inakwenda hivi: deli tupu kama kilo 3, barafu kilo 4, samaki kilo 15. Hapo una 22, na tiketi nyingi za kawaida za Dar huandika kilo 23. Nguo zako ziende kwenye begi la mkononi. Anayepanda ndege ndogo ya Caravan kwenda Bukoba au visiwani ajue kwamba ruhusa huwa ndogo zaidi, mara nyingi kilo 15 kwa kila kitu, kwa hiyo hili asilifikirie kabisa.

Boksi la stairofomu ni la tatu: jepesi, halina tundu, linavunjika pembe. Lizungushie kamba, litie ndani ya boksi la karatasi. Basi.

Begi laini la baridi ni la nne. Mishono yake inavuja. Ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana haivuji lakini haizuii joto, kwa hiyo ni ya dagaa wakavu.

Mwisho kabisa naweka madeli mazito ya kifahari, yale ya ukuta mnene kama Yeti. Najua nitanuniwa. Yeti Tundra 45 likiwa tupu lina kilo 10 na ushee. Umekula karibu nusu ya tiketi kabla hujaweka hata furu mmoja. Ni deli la boti na gari, si la ndege.

Hapa niseme na wauzaji kidogo, kwa sababu wanachofanya na namba kimezidi. Madeli mengi yanayotoka Marekani hupimwa kwa qt. Qt 28 ni lita 26 na nusu. Qt 48 ni lita 45. Qt 16 ni lita 15. Muuzaji anasoma "48" anakwambia lita 48, na bei anaipandisha kwa lita ambazo hazipo. Mwingine anapima nje, na ukuta wa sentimita 3 kila upande anauhesabu kama nafasi ya samaki. Nenda na futi ya fundi nguo, pima ndani, urefu wa sakafu si wa mdomo, maana madeli mengi yanabana kwenda chini. Na bei? Pita Makoroboi, kwenye maduka ya Mwanza, asubuhi ya Jumatatu, halafu pita Ijumaa jioni ya wiki ya Krismasi, uone deli lile lile, vumbi lile lile, linavyopanda cheo. Anayejua atasafiri Desemba anunue Oktoba.

Kwa mitumba, soko la Mlango Mmoja na kwingineko, hakikisha kizibo kipo. Madeli yanauzwa bila kizibo na unaambiwa "utapata tu cha kuchomeka". Hutapata, kila kampuni ina kipimo chake. Lingine ni harufu: lifunge likae juani saa moja, kisha fungua uingize pua. Likinuka maziwa, litanukisha samaki.

Urefu wa ndani unahusu sheria pia. Sangara halali anaanzia sentimita 50, sato sentimita 25. Kwa hiyo sangara mzima hawezi kulala ndani ya deli la lita 26. Mkate vipande siku ya kununua, kabla hajaganda. Asubuhi ya safari hakuna kisu cha nyumbani kitakachomkata.

Upakiaji ndio unaoamua kama kizibo kitapata kazi au hapana. Toa matumbo na matamvua, osha, kausha kwa kitambaa, funga kila samaki peke yake kwenye kifungashio cha chakula, gandisha usiku mzima, ukiweza usiku mbili. Tumia kifungashio cha friza, si rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na hakuna haja ya kutafuta maneno getini. Usimpakie samaki wa moto wa mchana ukitegemea barafu imalize kazi: kilo 10 za samaki mwenye joto la nyuzi 25 zinayeyusha karibu kilo 2.7 za barafu mpaka wapoe tu. Hayo yote yanakuwa maji, na maji yanatafuta tundu.

Barafu iwe ndani ya chupa. Chupa ya lita moja na nusu ijaze hadi vidole vitatu chini ya shingo, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na chupa iliyojaa hupasuka. Chini ya deli tandika pampasi mbili mpya, upande wa kunyonya uangalie juu. Watu wanacheka, lakini zinameza maji ambayo gazeti lingeyaacha yatembee. Samaki katikati, chupa pembeni na juu, mwanya wowote uzibwe kwa taulo kuukuu. Barafu kavu ya kaboni ni habari nyingine: isizidi kilo 2.5 kwa abiria, kwa kibali cha shirika la ndege, na deli lisizibwe kabisa kwa sababu gesi lazima itoke.

Solotepu usiimalize nyumbani. Mzigo unapita kwenye mashine ya mlangoni, na samaki walioganda wanaonekana kama tofali jeusi. Ofisa ana haki ya kutaka kuona. Njoo umefunga kamba kwa fundo la kufungua, solotepu iwe mkononi, ufungie baada ya ukaguzi, mikanda miwili tu ya kuzunguka deli, si mdomo mzima. Chana kwa mkono, kwa kuwa kisu na wembe havipiti. Kwenye kaunta sema mwenyewe kwamba ni samaki, kabla hujaulizwa.

Wanaotoka Sengerema na Geita walizoea kuongeza chupa mbili kwa ajili ya foleni ya kivuko. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Kigongo–Busisi Juni 2025, chupa hizo zinaweza kupisha sato wawili. Kwa bodaboda, deli lifungwe kizibo kikiangalia mbele, mbali na ekzosi.

Ukifika Dar usilazimishe mfuniko. Hewa ya pwani ni nzito kuliko ya Mwanza, na deli lenye mpira mzuri mdomoni huwa limejinyonya. Zungusha kizibo kwanza, sikia hewa ikiingia, ndipo uinue. La Igloo halitakusumbua kwa hilo.

Na safari ya kurudi litie nguo, maana deli tupu nalo linahesabiwa kama mzigo.